Bi Nyuzi na Magitaa ya Duka la Vioo

Hakuna gitaa lililotoka dukani kwa Bi Nyuzi kabla ya siku tatu. Uje na haraka zako, uje na fedha taslimu mkononi, uje na mtoto anayelia kwamba siku yake ya kuzaliwa ni leo, jibu lilikuwa moja: rudi baada ya siku tatu. Siku ya kwanza alilivua gitaa nyuzi zote zilizokuja nalo kutoka kiwandani, akachukua tupa ndogo na kulainisha ncha za vile vyuma vilivyopangwa shingoni, maana viwandani huziacha hivyo hivyo zikwaruze vidole vya watu. Siku ya pili alilivisha nyuzi mpya na kuzikaza, jioni akazikaza tena, kwa sababu uzi mpya ni mvivu, ukiuacha unalala. Siku ya tatu alimwita mnunuzi, akamwamuru anyooshe mkono wa kushoto, akaupima vidole, ndipo akazishusha au kuzipandisha nyuzi zimfae yeye na si mtu mwingine. Waliouliza kwa nini wasipewe tu gitaa lao waende zao, aliwaambia waende zao, gitaa libaki.

Biashara ya namna hiyo haina kichwa wala miguu, na ilidumu miaka thelathini na mmoja.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, limeandikwa kwenye leseni ukutani, ila hakuna aliyelitumia. Duka lilikuwa la baba yao, fundi wa kila kitu chenye kulia, na alipofariki liliwaangukia watoto wake wawili. Bi Nyuzi, aliyekuwa mkubwa, alichukua meza ya nyuma yenye tupa, msasa na bisibisi. Mdogo wake wa kiume alichukua kaunta ya mbele, akachapisha kadi za biashara zilizomtambulisha kuwa Mkurugenzi. Kwa kuwa duka zima lilikuwa na watu wawili, nusu ya wafanyakazi wote walikuwa wakurugenzi. Mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi, mwanzoni kwa kumtania, baadaye kwa mazoea, na yeye hakuwahi kuona tofauti.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa Duka la Vioo. Lilikuwa na jina lake refu la kampuni, lenye matawi kila mji, lakini watu walitazama mbele yake, wakaona vioo kutoka chini mpaka juu, wakaliita hivyo. Ndani kulikuwa na ubaridi wa mashine, vinanda vilivyopangwa kwa ukubwa, spika zenye urefu wa mtu na ukuta mmoja mzima wa magitaa. Gitaa lile lile ambalo Bi Nyuzi aliliagiza moja moja, wao waliliingiza kwa makontena, wakaliuza kwa theluthi mbili ya bei yake. Na hawakumwambia mtu arudi baada ya siku tatu. Ulilipa, ukapewa boksi, ukaondoka.

Mkurugenzi alijibu mapigo. Kwanza alitundika bango la PUNGUZO KUBWA bila kupunguza chochote. Kisha akaweka spika mlangoni, ikapiga muziki kutwa, mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akaja kusema kwamba ameshona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja na kwamba ya tatu hatalipa yeye. Spika ikarudi ndani. Zikafuata kadi za uanachama, zikachapishwa mia mbili, zikagawiwa kumi na moja, nne kati ya hizo kwa mtu mmoja aliyekuwa akizipoteza. Mwisho, akiwa ameishiwa, Mkurugenzi akamnunulia dada yake kidaftari kidogo.

"Dada, wewe hawakujui sura," alisema. "Utaingia kule Jumanne na Ijumaa. Unatazama bei zao, unaziandika humu. Lazima tujue adui anafanya nini."

"Anauza," alisema Bi Nyuzi.

"Anauza vipi, ndilo swali."

Bi Nyuzi alikwenda shingo upande. Mlangoni alipokewa na msimamizi, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye kitambulisho shingoni na adabu zake zote. "Shikamoo mama, karibu, tazama tu, gusa tu, hakuna neno." Bi Nyuzi akaitikia marahaba, akaenda mbele ya ukuta wa magitaa, akatoa kidaftari, akagusa uzi mmoja wa gitaa la kwanza.

Alikaa mle saa mbili.

Tangu siku ile hakukosa Jumanne wala Ijumaa, na baada ya mwezi akaongeza Jumatano kwa hiari yake. Kila alipotoka, Mkurugenzi alimdaka mlangoni, naye akataja bei mbili tatu kwa mdomo, na kidaftari kikabaki mfukoni mwa aproni. Bei hazikuwahi kushuka upande wao wala kupanda upande wa pili. Kilichopanda ni idadi ya watu waliotoka Duka la Vioo wamekumbatia maboksi. Picha ya yule msimamizi ilibandikwa karibu na kaunta kwamba ndiye mfanyakazi bora wa mwezi, na mwezi uliofuata ikabandikwa tena, safari hii amevaa tai. Upande wa Bi Nyuzi, muuza viatu wa jirani alianza kuingia na futi ya kupimia, akipima kuta bila kuuliza. Mkurugenzi alikuwa ameshakubaliana naye: mambo yasipobadilika mpaka mwisho wa mwezi, chumba ni chake. Dada mtu aliambiwa baadaye, kwa sauti ya chini. Alifuta meza ya baba yake mara mbili siku hiyo.

Basi Jumatatu moja akaingia mwalimu wa muziki kutoka chuo cha ualimu, mwanamume mwembamba mwenye masikio makubwa na miwani iliyofungwa uzi. Alitaka magitaa ishirini na manne. Mkurugenzi alishika kaunta kwa mikono miwili. Ishirini na manne yalikuwa mauzo ya mwaka na zaidi, yalikuwa kodi ya chumba, yalikuwa futi ya muuza viatu kurudi ilikotoka. Mwalimu alijaribu magitaa matatu, taratibu, akikandamiza kila uzi kila mahali, huku Bi Nyuzi amesimama kando yake na aproni.

"Haya yamekaa vizuri sana, mama," alisema.

"Yamekaa siku tatu," alisema Bi Nyuzi.

Mwalimu aliwaeleza kwamba chuo humtaka atazame maduka mawili kabla ya kununua, ni utaratibu tu, wasiwe na hofu. Kesho yake akaenda Duka la Vioo. Jumatano akarudi, kwa ustaarabu, kuwaambia uso kwa uso.

"Sikutegemea, lakini yale ya kule nayo yamekaa vizuri sana. Nimejaribu kumi, sioni tofauti hata moja na haya yenu. Sasa bei yao ni ndogo, nami fedha ni za chuo. Kesho saa nne nitapitia mawili matatu tena, kisha niagize. Mnisamehe."

Akawapa mikono, akatoka. Mkurugenzi alibaki akitazama mlango.

"Haiwezekani," alisema. "Bei, sawa. Vioo, sawa. Lakini ile sauti wameitoa wapi? Miaka yote hii hakuna duka lenye gitaa linalolia kama letu!"

Bi Nyuzi alikuwa anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Dada."

"Naam."

"Mbona unakunja hicho kitambaa?"

Bi Nyuzi akakiweka chini. Akatoa kidaftari mfukoni, akakisukuma juu ya kaunta mpaka kikamfikia mdogo wake. Mkurugenzi alikifungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti.

"'La tatu kutoka mlangoni, uzi wa pili umelegea.' Hii ni bei?"

"Siyo bei."

"'Jekundu la juu, nyuzi ziko mbali na shingo, mtoto hawezi kubana. Nije na bisibisi.'" Alinyanyua macho. "Dada. Ulikwenda na bisibisi?"

"Ndogo."

Mkurugenzi akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Kila mstari ulikuwa na alama ya vyema pembeni.

"Mangapi?"

"Yote."

"Yote yote? Sitini?"

"Sitini na mawili. Mawili yako nyuma ya nguzo."

Mkurugenzi alikaa juu ya kasha la ngoma, na kwa mara ya kwanza tangu Duka la Vioo lifunguliwe hakuwa na mkakati.

"Nilikutuma ukapeleleze."

"Nimepeleleza."

"Umewafanyia kazi ya bure miezi miwili! Watu wanaingia, wanagusa, wanasikia mkono wako, wanalipa kwao!"

"Yalikuwa yanalia vibaya."

"Ni ya adui!"

"Gitaa halijui liko kwa nani," alisema Bi Nyuzi. Aliona jinsi lilivyo jibu la kipuuzi kwa mtu anayekaribia kufunga duka. Alijua alichokifanya, tena alikuwa amejua kwa wiki mbili, tangu picha ya pili ya msimamizi. Kila asubuhi alijiambia leo nitatazama bei tu.

Mkurugenzi alipiga magoti yake kwa viganja, akasimama. Mkakati ulikuwa umerudi.

"Sikiliza. Mwalimu anakwenda saa nne. Wao wanafungua saa tatu. Kesho asubuhi unaingia, unayalegeza."

"Nayaharibu?"

"Nani kasema kuharibu? Unayarudisha yalivyokuwa. Unarudisha mali ya watu katika hali uliyoikuta. Huo ni uaminifu."

Alhamisi saa tatu na dakika mbili Bi Nyuzi alikuwa ndani. Msimamizi akamwamkia, akamwuliza habari za nyumbani, akamsifu kwamba leo amewahi. Bi Nyuzi akasimama mbele ya ukuta. Mawazo yake yalikuwa mepesi: nyuzi mbili kwa kila gitaa, robo mzunguko kila uzi, dakika thelathini kazi imekwisha na duka la baba limepona. Akashika gitaa la kwanza, akalegeza uzi wa tano. Kisha akaupiga kuhakikisha.

Sauti ile ilimtia aibu. Ilikuwa aibu ya kweli, ya kupandwa na joto masikioni, na alitazama nyuma kuona kama kuna aliyesikia. Mkono ukaurudisha uzi mahali pake kabla hajauambia. Akajipa moyo, akaamua kuanza na gitaa ambalo hakuwahi kulipenda, la kijani lenye picha ya mwali wa moto. Lile lilikuwa limelegea lenyewe kwa joto la usiku kucha, mashine za ubaridi zikiwa zimezimwa. Haliwezi kulegezwa likiwa limelegea, alijiambia, lazima kwanza likazwe. Akalikaza. Likalia vizuri, akashindwa kuendelea. La jirani yake nalo lilikuwa limeshuka kidogo.

Ilipofika saa tatu na dakika arobaini alikuwa amelegeza gitaa moja, ameliweka sawa, na ameyakaza mengine kumi na moja.

"Mama! Kumbe na huku unafanya kazi?"

Mwalimu wa muziki alikuwa amewahi. Alisimama nyuma yake na mkoba wake, akimtazama Bi Nyuzi aliyepakata gitaa na bisibisi ndogo katikati ya meno. Bi Nyuzi alitoa bisibisi mdomoni, akaitia mfukoni. Msimamizi naye akaja kwa kasi, amejaa tabasamu.

"Huyu mama? Hapana, huyu huja kutazama tu. Anapenda magitaa. Karibu sana mwalimu, tumekuandalia fomu."

"Kutazama," alisema mwalimu. "Na nani hasa anayakalisha magitaa haya? Nyuzi zimepangwa vizuri sana, nilitaka kumpa mkono."

"Yanatoka kiwandani yakiwa hivyo hivyo," alisema msimamizi, na alisema kwa moyo mweupe, kwa sababu ndivyo alivyoamini.

Bi Nyuzi alikuwa amepanga kunyamaza. Alikuwa ameshaagana na duka aliposhindwa kuzilegeza nyuzi, ameshakubali chumba kiwe cha viatu. Kumpoteza mteja aliweza kukubali. Lakini miezi miwili ya mkono wake kupewa kiwanda fulani ambacho hakikuwahi hata kulainisha ncha ya chuma, hilo hapana.

"Kiwanda hicho ni mimi," alisema.

Mwalimu alimtazama. Msimamizi alicheka kidogo, akaacha.

"Haya ya ukutani ameyafanya mama?" mwalimu aliuliza taratibu. "Na yale ishirini na manne mtakayonipa mimi, yatatoka wapi?"

"Stoo. Mapya kabisa, hayajaguswa na mtu."

"Nifungulie moja nilisikie."

Likaletwa boksi, likapasuliwa mbele ya kaunta. Gitaa lilikuwa zuri kwa macho, linang'aa ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mwalimu akalitoa, akalikaza kiasi, akapiga. Lilikwaruza. Akabana uzi mwembamba karibu na mwili wa gitaa, akaukandamiza kwa nguvu mpaka kidole kikaweka mfereji, na bado ulitoa sauti ya nzi aliyefungiwa kwenye glasi. Wateja wawili waligeuka. Mwalimu akaliweka juu ya kaunta, akakitazama kidole chake.

Msimamizi hakuwa mjinga. Alitazama ukuta, akalitazama gitaa la kwenye boksi, akamtazama mama aliyekuwa akimwamkia kwa miezi miwili, na unaweza kusema aliziona picha zake mbili zikibanduka. Akalishika gitaa lile kwa mikono yote miwili, akamnyooshea.

"Mama, tafadhali," alisema kwa sauti ndogo. "Liweke sawa. Kidogo tu."

Gitaa lilikuwa umbali wa mkono mmoja. Bi Nyuzi alikuwa ameshaliona tatizo kabla halijatoka lote kwenye boksi: shingo imevutwa mbele, kipande cha chini kinachobeba nyuzi kimekaa juu, chuma cha tisa kimenyanyuka upande mmoja. Alijua afungue wapi, azungushe mara ngapi. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kuzunguka vyenyewe. Akilishika tu, mwalimu atasikia linavyolia, atasema vizuri, basi mama huyu atayapitia yote ishirini na manne, na fomu itasainiwa palepale. Akiliacha, duka la baba yake litabaki.

Akaitia mikono yote miwili kwenye mifuko ya aproni.

"Ningekuwa dukani kwangu ningeweza," alisema.

Msimamizi alibaki amelinyoosha gitaa. Lilikuwa zito kidogo, na bado hakuna aliyelipokea. Mwisho akaliweka chini mwenyewe. Mwalimu alichukua mkoba wake.

"Twende basi dukani kwako, mama," alisema.

Dukani kwa Bi Nyuzi mambo yalikwisha kabla ya adhuhuri. Mwalimu alisaini magitaa ishirini na manne, akakubali kusubiri wiki tano ili kila moja likae siku zake tatu, akasema hiyo ndiyo haraka anayoipenda. Mkurugenzi alimsindikiza mpaka kona. Aliporudi alikwenda kwa muuza viatu, akamwambia mkataba haupo tena, na alilisema jambo hilo kwa sauti iliyomfikia fundi cherehani na wapita njia. Kisha akaagiza kadi mpya za biashara zilizoandikwa Mkurugenzi Mkuu.

"Umeona?" alimwambia dada yake jioni, wakifunga. "Nilikwambia uende asubuhi. Mkakati umefanya kazi."

"Sikuyalegeza."

"Hayo ni maelezo madogo madogo."

Bi Nyuzi alipaswa kufurahi, na kwa upande mmoja alifurahi. Alipitisha kiganja juu ya meza ya nyuma na kukiacha hapo muda mrefu. Ila upande wa pili ulikataa. Alikuwa hajawahi, tangu ajue kushika bisibisi, kuliacha gitaa likilia vibaya mbele yake na kuondoka. Alipofunga macho aliona ile mikono ya kijana imenyooshwa.

Na nyuma ya mikono ile kulikuwa na jambo jingine, la zamani, ambalo hata Mkurugenzi hakulijua kwa sababu lilipotokea alikuwa bado ananyonya. Bi Nyuzi alipokuwa na miaka tisa, baba yao akiwa kwenye kazi za mbali, mjomba wao alimletea gitaa jipya lililonunuliwa duka kubwa. Nyuzi zake zilikaa juu mno. Alibana mpaka vidole vikatoka damu, na sauti ikatoka ya kukwaruza tu, kila siku. Mwalimu wa shule akamsikiliza mara moja, akasema mbele ya darasa kwamba huyu mtoto hana sikio. Aliamini. Kwa nini asiamini, aliyesema ni mtu mzima, na gitaa lilikuwa jipya. Kwa miaka miwili hakuimba hata akiosha vyombo. Kisha baba akarudi, akalikuta gitaa nyuma ya kabati, akafumba jicho moja na kuitazama shingo yake kwa urefu, akakaa nalo nusu saa bila kusema neno, akampa. Likalia. Bi Nyuzi alilia siku ile, na hayakuwa machozi ya furaha. Alilia kwa hasira ya miaka miwili aliyodhani kwamba mbovu ni yeye.

Lile gitaa la kwenye boksi lingepata mnunuzi. Lisingetupwa, duka lile halitupi kitu. Lingetundikwa ukutani lina kibandiko cha bei, na Jumamosi angeingia mzazi mwenye mtoto.

Ijumaa asubuhi alivua aproni, akavaa viatu vya kutokea, akashika akiba aliyokuja nayo kutoka nyumbani, kwenye mfuko wa mto.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mkurugenzi Mkuu.

"Ng'ambo."

"Si tumemaliza kupeleleza?"

"Nakwenda kununua."

Mkurugenzi Mkuu alifungua mdomo, na dada mtu hakusubiri kitakachotoka.

Gitaa lilikuwa ukutani tayari, la nne kutoka mlangoni, na kibandiko chake. Msimamizi alikuwa kaunta. Hakuja mlangoni kumpokea. Bi Nyuzi alikwenda mpaka alipo, na kijana, pamoja na yote, malezi yakamshinda.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nataka lile la jana."

Msimamizi alinyanyua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikwenda, akalishusha, akaliweka juu ya kaunta katikati yao.

"Makao makuu wameniandikia barua," alisema. "Nieleze magitaa ishirini na manne yamepotelea wapi."

"Pole."

"Jana ungeweza kuliweka sawa."

"Ningeweza," alisema Bi Nyuzi. Hakujitetea. "Nilikufanyia vibaya, najua. Nisingeliacha duka langu life, lakini nilikufanyia vibaya."

"Sekunde chache tu, mama."

"Lile? Dakika arobaini."

Kijana nusura atabasamu, akajizuia. Akabofya mashine, risiti ikaanza kutoka.

"Unataka na boksi lake?"

"La nini."

"Ukilikuta na kasoro unaweza kulirudisha ndani ya siku saba," alisema, kwa mazoea tu, kisha akasikia alichokisema, akainamisha kichwa.

"Kasoro zake nazijua."

Akamkabidhi risiti, lakini hakuiachia mara moja. Wote wawili wakawa wamekishika kile kikaratasi.

"Mama, kule stoo kuna mengine mia moja na kumi na manne," alisema. Hakuwa anamkejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Yote yako hivi hivi. Nayo utakuja kuyanunua?"

Bi Nyuzi aliutazama mlango wa stoo. Ulikuwa mlango wa kawaida, umepakwa rangi ya kijivu, na nyuma yake mlikuwa na maboksi mia moja na kumi na manne, kila boksi na mtoto wake.

"Leo nimekuja na pesa ya moja," alisema.

Akalishika gitaa shingoni, akatoka nalo. Alipokuwa akivuka barabara nyuzi zilitikisika kwa kila hatua, zikalia vibaya mno, akaongeza mwendo.